Petroli Ilichemkia Kurawa

Mimi nikimwona mtu anafanya kazi vizuri huwa nanuna kwanza. Ndivyo nilivyoumbwa. Kusifu kunakuja baadaye, tena kwa shida, lakini kukija hakuzuiliki. Leo namsifu Rebecca wa Golbanti, ambaye hapa Garsen sote tunamwita Mama Hope, na ambaye kwa miaka ishirini nilikuwa nikimwita "fundi wa pampu za mashamba" kwa nia ya kumshusha.

Gari lenyewe ni Pijo ya Mwalimu Jilo, ile ndefu ya familia, aliyoinunua zamani alipokuwa akifundisha. Injini yake ya kwanza ilipokufa, mwanawe Levi alileta injini ya Kijapani kutoka Mombasa, ya injekta za kunyunyizia petroli, akaniambia, "Fundi Danson, tia hii humu." Nikaitia. Miezi miwili nilikuwa nalala chini ya gari lile. Nilichomelea vikalio vipya vya injini, nikaunganisha nyaya, nikaweka pampu ya umeme tangini, nikavuta paipu ya kupeleka petroli mbele na nyingine ya kuirudisha nyuma. Siku lilipowaka nilitembea mjini kifua mbele. Gari kama lile hakuna kutoka Nanighi hadi Ozi, kando ya mto wetu wote, na nilihakikisha kila mtu amelisikia hilo kutoka kinywani mwangu.

Shida ilianza Mwalimu alipougua figo. Mara mbili kwa wiki lazima apelekwe Malindi kusafishwa damu, na magari ya abiria mgongo wake hauyawezi. Asubuhi Pijo inakwenda bila neno. Kurudi ni saa saba mchana, jua la utosi, na ikifika Kurawa, katikati ya njia, inaanza kukohoa, inakatakata, inazima. Halafu haiwaki. Wanakaa saa nzima kando ya barabara wakingoja injini ipoe, na mzee katoka kwenye mashine hana nguvu hata ya kushika chupa ya maji.

Ilipozima mara ya nne, Levi alikuja gereji kwangu, hakutaka hata kukaa.

"Fundi, mimi nimechoka. Nimepata chumba Malindi, karibu na hospitali. Ikizima tena, Baba anahamia huko."

"Mwenyewe anasemaje?"

"Hataki kusikia. Anasema akitolewa kwake atarudi ndani ya jeneza." Akatazama pembeni. "Sasa mimi nifanye nini?"

Kwake ni pale ukingoni mwa mto, nyumba aliyoijenga na marehemu mkewe, na kaburi la mkewe liko hatua chache kutoka mlangoni. Kila jioni anatoa kiti na kukaa upande ule. Nilijua Levi hasemi kwa ukatili. Nilijua pia kwamba kumwondoa mzee yule pale ni kumuua polepole, na kwamba kitakachomwondoa ni kazi ya mikono yangu.

Kabla ya siku ile nilikuwa nimeshabadilisha pampu. Nikabadilisha chujio. Nikasafisha injekta zote nne. Kila mara ikazima Kurawa, palepale. Nililaumu petroli, nikalaumu jua, nikamlaumu Levi kwa kukanyaga sana. Kila mtu alipata fungu lake la lawama isipokuwa mimi.

Aliyemwita Mama Hope ni Mwalimu mwenyewe. Alimfundisha darasa la sita, na anasema alikuwa mtoto pekee aliyeuliza maji ya kisima yanatoka wapi badala ya kuyanywa tu. Aliponiambia anakuja nilicheka. Nikamwambia, "Mwalimu, huyu anatengeneza pampu za kumwagilia ndizi."

Mama Hope alifika na mkoba wa turubai na gunia moja. Nilimfungulia boneti nimwonyeshe kazi yangu, akaitazama kidogo tu kwa adabu, akasema, "Baadaye. Kwanza Levi aendeshe mpaka Minjila, arudi, aende tena. Arudi saa nane. Mimi nataka kuiona ikiwa na homa."

Iliporudi alitandika gunia, akaingia chini. Hakuchukua spana. Alikuwa akipapasa. Kiganja chake kilianzia kwenye injini, kikafuata paipu kidogokidogo kurudi nyuma, kikitulia hapa, kikiruka pale, kama daktari anayetafuta maumivu tumboni. Kilipofika kwenye tangi aliuondoa mkono haraka.

"Tangi inachoma," alisema. "Levi, humu ndani iko petroli ngapi?"

"Kidogo tu, Mama. Ya safari."

Ndiyo kawaida yetu huku, unaweka ya safari basi. Nani anajaza tangi?

"Na hii paipu ya kurudi, nani alipitisha hapa juu?"

"Mimi," nilisema.

"Kwa nini?"

Nikamweleza, na sauti yangu ilikuwa bado ya juu. Mwaka ule mafuriko yalipokata barabara niliona magari yamejaa tope na miiba hadi kwenye sakafu, paipu zimekatika. Tangu hapo kila ninachofunga nakipandisha juu. Tumepandisha vitanda, tumepandisha maghala, hata mabanda ya kuku tumeyapandisha. Basi paipu zile nilizificha juu kabisa, katikati ya gari, mahali ambapo maji hayafiki. Nilikuwa najivunia jambo lile kuliko injini yenyewe.

Mama Hope alinisikiliza mpaka mwisho. Hakucheka, na ningemchukia kama angecheka.

"Kwa maji umefanya vizuri," alisema. "Lakini umelaza petroli na ekzosi kitanda kimoja."

Nikaingia chini nikalala kando yake, nikaona paipu yangu imelala ubavuni mwa bomba la moshi. Nilikuwa nimeiona mara mia, lakini siku ile ndipo nilipoiona.

Alinieleza kwa maneno ya shambani. Ukiwasha pampu mtoni halafu ukaziba paipu, maji yanazunguka tumboni mwa pampu, yaleyale, mpaka yanakuunguza mkono. Kila mkulima wa ndizi anajua. Pampu ya gari letu inasukuma petroli nyingi kuliko injini inavyokunywa. Inayobaki inarudi tangini, tena inarudi imeshapita kwenye joto la injini, na kwa akili zangu mimi Danson ikawa inasafiri ubavuni mwa ekzosi gari zima. Tangini kuna lita chache. Lita hizohizo zinazunguka, kila mzunguko zina moto zaidi, hadi Kurawa zinageuka mvuke, na pampu ile haijui kusukuma mvuke. Asubuhi hakuna shida kwa sababu ya baridi. Ningeweza kubadilisha pampu hadi kiama.

"Sasa tufanye nini?" niliuliza. Nadhani ndiyo mara ya kwanza kumuuliza swali bila kejeli.

"Petroli ya ziada isifike mbele kabisa. Igeukie nyuma, karibu na tangi."

Siku mbili tulifanya kazi pamoja, na siku mbili nilijifunza. Ile regulata inayopima nguvu ya petroli tuliitoa kwenye injini tukaifunga nyuma, kando ya tangi, ili petroli isiyohitajika irudi hapohapo ikiwa bado baridi. Paipu moja tu ndiyo inaenda mbele. Hiyo tuliihamishia ubavu wa pili, mbali na ekzosi. Nilipolia kwamba huko chini miiba na mawe yataikata, alikwenda kwenye mkoba wake akatoa kipande kirefu cha hosi nene ya kuvutia maji mtoni, akaivisha paipu mwanzo hadi mwisho. Kati ya ekzosi na tangi tuliweka bati. Levi aliapa kwamba tangi halitashuka chini ya nusu.

Kila bolti aliyoikaza aliirudia kwa kidole, si kwa jicho. Mkono ule una miaka thelathini ya pampu za watu wenye njaa, ambao pampu ikikosea wiki moja mpunga umekauka. Mimi nilijifunza ufundi wangu kwa watu wenye haraka. Nilimwonea wivu, na sioni aibu kusema.

Alhamisi tulikwenda wanne. Levi aliendesha, Mwalimu kiti cha mbele, mimi na Mama Hope nyuma. Malindi tukamsubiri mzee, akatoka mweupe wa midomo, tukaondoka saa saba kasoro. Tukapita Gongoni, tukapita Marereni. Nilikuwa nasikiliza injini hadi masikio yanauma. Kurawa ilifika. Ikapita.

"Simamisha," alisema Mwalimu.

Levi alisimamisha, injini ikiendelea kunguruma.

"Izime."

"Baba, tafadhali. Twende tu."

"Nataka kujua, Levi. Izime."

Levi aliizima. Joto lilipanda kutoka kwenye lami likaingia madirishani. Mama Hope alishuka, akaingiza mkono chini ya tangi, akauacha pale. Alikuwa akinitazama mimi, na mkono haukuondoka. Mwalimu aliangalia saa yake. Dakika kumi nzima alituweka pale, na ndizo dakika ambazo petroli iliyolala kwenye injini hupata moto kuliko wakati wowote. Mimi niliomba Mungu kama mtoto.

"Haya," alisema Mwalimu.

Levi alizungusha ufunguo, ikawaka mara moja. Levi aliweka paji la uso kwenye usukani, akakaa hivyo, mabega yakitikisika. Nilimwambia Mama Hope mbele yao wote kwamba mimi ndiye niliyemtesa mzee huyu kando ya barabara mara zote zile, kwa paipu niliyoipandisha kwa kiburi, na kwamba yeye ni fundi kunizidi. Alisema, "Sawa," akapanda gari.

Tulifika nyumbani kwa Mwalimu kabla ya saa kumi. Tulimshusha, tukamweka kwenye kiti chake upande wa kaburi. Akavuta pumzi, akamwita mwanawe.

"Levi, nyuma ya gari, chini ya blanketi. Niletee sanduku langu."

"Sanduku gani, Baba?"

Levi alikwenda, akarudi nalo. Dogo, la ngozi, limefungwa kwa mshipi. Ndani mlikuwa na mashati yake yote, Biblia, na picha ya mkewe iliyotolewa ukutani.

"Nililipanga alfajiri," alisema Mwalimu. "Nilijiambia ikizima leo, nitakuomba unirudishe Malindi kwenye chumba chako. Sikutaka uniombe wewe mara ya pili."

Levi alilibeba sanduku ndani, na kwa muda mrefu tulimsikia akitundika mashati ya baba yake, halafu akigonga msumari wa picha.