Kitanda cha Simi

Simel alikuwa akipiga msasa droo ya mwisho nje ya mlango, maana ndani ya kibanda hapakuwa na nafasi tena. Kabati lilikuwa limejaza kila mahali. Lilikuwa la mvule, refu kumshinda yeye mwenyewe, na ili litoke ilibidi ang'oe mabati mawili ya ukuta wa mbele. Aliyaegemeza kando, na ile X nyekundu iliyopakwa juu yake ikawa imekatika vipande viwili.

Vibanda vyote vya upande ule wa barabara, pale Kitengela, vilikuwa na alama hiyo ya kubomolewa. Tingatinga lilikuwa limeegeshwa karibu na kituo cha petroli tangu jana. Dereva wake alikuwa kwa Rahab, jirani wa Simel, akinywa chai kama mteja mwingine yeyote.

"Kunywa pole pole," Rahab alimwambia. "Kesho utakanyaga hicho kikombe."

"Mama, mimi huambiwa tu. Nikiambiwa kaa, nakaa."

"Na hiyo mandazi ya tatu pia uliambiwa?"

Dereva alicheka, lakini hakumtazama. Rahab akaja kwa Simel akijifuta mikono kwenye leso.

"Leo ndiyo unampelekea huyo mzee kabati yake? Si umwambie anikumbuke hata mimi. Niko na watoto watatu na jiko moja."

"Nitamwambia."

"Usiniambie nitamwambia na hiyo sauti ya kanisa. Mwambie kabisa."

Mzee aliyetajwa ni Hiram, mkubwa wa ofisi iliyoamua kibanda gani kikae na kipi kiondoke. Alikuja mwenyewe baada ya rangi kupakwa, akamkuta Simel akipiga randa. Alikuwa na simi nyingi, zile panga fupi za Wamaasai, mapanga ya zamani, ngao za ngozi ya nyati, na deraya moja, vazi zito la vita lililofumwa kwa pete za chuma, aliyoinunua ng'ambo. Alitaka kabati la kuvihifadhi vyote, lenye milango ya vioo. "Ukiniridhisha, hiyo rangi yako itafutwa," alisema. Hakuandika popote. Simel alimtazama mkewe Naisula usiku ule akilaza watoto, akaona hana la kuchagua.

Kazi yenyewe ilikuwa ya subira. Kila silaha ilihitaji kitanda chake. Simel aliilaza juu ya kadibodi, akaizungushia penseli, kisha akachonga mbao kwa patasi mpaka silaha ilale bila kutikisika. Kwa mti wa kuvalisha deraya, Hiram alimpima kwa macho akasema, "Tumia mabega yako. Yanatosha." Simi moja tu hakuiona. Hiram alileta umbo lake limechorwa kwenye gazeti, akasema yenyewe ataitoa siku ya mwisho. Simel alichonga kitanda hicho kutoka kwenye karatasi. Mkono wake ulikwenda haraka kuliko kwenye vile vingine, kila mpindo ukijulikana kabla haujafika. Alidhani ni kwa sababu ameizoea kazi.

Pikapu ilimfikisha nyumbani kwa Hiram, upande wa kwenda Isinya, kwenye ukuta wa mawe ulioficha nyumba mpaka paa. Waliliingiza kabati sebuleni, wapagazi wakaenda zao. Simel akafunga bawaba, akaweka vioo, akaanza kulaza silaha moja moja. Judy, binti wa Hiram, alimfuata na simu mkononi, akiandika maelezo ya kila kitu. Jumamosi kulikuwa na wageni, na kila silaha ingekuwa na kibandiko chake.

Simel alipoivalisha ile deraya kwenye mti, Judy alishika mdomo.

"Ai, fundi! Inakaa wewe kabisa!"

"Imekosa kichwa tu," Hiram alisema kutoka kwenye kochi, akacheka.

Simel naye alicheka kidogo. Kisha akageuka ili asiione.

Mwisho Hiram alileta ile simi, imefungwa kwa taulo. Ala yake ilikuwa nyekundu iliyofifia. Penye mdomo wa ala palikuwa pamebaki kamba ya katani yenye fundo, na kwenye fundo kipande cha kadi kilichochanika.

"Hii itoe kwa ala," Hiram alisema. "Wageni waone chuma."

Simel alishika mpini akavuta. Ala ilikataa. Ndipo alipoutazama mpini. Ulikuwa wa mzeituni mwitu, na pini iliyoushika ilikuwa imetokeza upande.

Aliuchonga yeye, akiwa bado shuleni, baada ya fahali kuvunja ule wa zamani. Kilikuwa kitu chake cha kwanza cha mbao. Alitoboa vibaya, na ndugu yake mkubwa alipokiona alicheka mpaka akakaa chini. "Simi yangu iko na makengeza," alisema. Lakini kila Simel alipotaka kumtengenezea mpini mwingine, alikataa.

Miaka sita iliyopita watu walikuja na polisi, nguzo na seng'enge kwenye malisho ya familia yao. Simel alikuwa Rongai akijifunza useremala. Ndugu yake alisimama mbele ya nguzo. Polisi walimpakia kwenye gari akiwa mzima, na kesho yake familia ikaitwa kuchukua maiti. Polisi walisema alichomoa simi akawashambulia. Familia ilipotaka kesi isikizwe, wakaambiwa simi hiyo, ambayo ndiyo kielelezo, imepotea, na bila kielelezo faili haiendi popote. Mama yao alirudi kituoni mara nyingi, mpaka askari wa mezani wakawa wanamjua kwa kikohozi chake. Siku moja akaacha. Akasema jina la marehemu lisitajwe tena nyumbani, kama wazee wake walivyofanya kwa wafu wao, liachwe lipumzike. Tangu hapo walisema tu "yule wetu." Hata moyoni Simel alisema hivyo.

Alivuta tena. Kitu kikapasuka ndani ya ala, simi ikatoka. Mafuta ya kondoo yalikuwa yameganda juu ya chuma, manjano, toka mpini hadi ncha, jinsi ndugu yake alivyoyapaka. Hayakuwa na mkwaruzo. Ile simi ilikuwa haijachomolewa tangu apake.

"Dadi, hii niandike ni ya nani?" Judy aliuliza.

"Nilipewa na rafiki yangu wa stesheni ya polisi. Ilikuwa inaoza kwa stoo. Andika mwenyewe hajulikani."

Simel aliilaza kwenye kitanda chake. Ililala bila kusukumwa. Kilichobaki ni kusema kazi imekwisha, na kumtaja Rahab. Alifungua mdomo aseme hivyo.

"Anajulikana," alisema.

"Nini?"

"Mwenyewe anajulikana. Andika Ledama ole Katoo. Ndugu yangu."

Judy alianza kuandika. Kisha akamwona baba yake, kidole kikasimama.

"Fundi," Hiram alisema taratibu, "simi kama hizi ziko nyingi."

"Mpini nilitengeneza mimi. Pini iko upande. Na hakuichomoa, mzee. Angalia mafuta."

Hiram hakuangalia. Aliinuka, akafunga mlango wa kioo, nao ukafungika bila sauti, kwa kuwa bawaba zilikuwa zimewekwa vizuri.

"Kazi safi," alisema. "Sasa nenda." Akatoa simu mfukoni, na Simel alipokuwa akikusanya patasi zake alimsikia akisema na mtu, "Ile kitu ya barabarani. Hakuna haja ya kungoja kesho."

Alipofika Kitengela tingatinga lilikuwa linanguruma mwanzo wa safu. Rahab alikuwa akitoa masufuria, leso imemwanguka shingoni.

"Ulimwambia?"

"Nilimwambia."

"Kuhusu mimi?"

Simel alibeba jiko la Rahab, lingali na moto, akalivusha upande wa pili wa barabara kabla hajagusa mbao na zana zake mwenyewe. Rahab alimtazama, akaelewa, hakumshukuru.

Kibanda cha kwanza kililala chini. Simel alipiga simu kwa mama yake, akaziba sikio la pili kwa kiganja.

"Yeyo, nimeiona simi."

"Iko wapi?"

"Kwa mkubwa mmoja, kwa kabati. Imelala mahali nilichonga mimi." Alisogea mbali na vumbi. "Haikuchomolewa, Yeyo. Na jina nimelitaja. Nisamehe."

Mabati ya kibanda cha pili yalikuwa yakilia. Simel alidhani simu imekatika, akaibana zaidi sikioni, na ndipo alipomsikia mama akiita, kwa sauti ile ya jioni za zamani, ya kumwita mtoto aliyechelewa na mbuzi:

"Ledama! Ledama!"