Refa Kwenye Kiti cha Gego

Siku za kazi alikuwa daktari wa meno. Alhamisi jioni, akishavua koti jeupe na kunawa mikono hadi kwenye viwiko, aligeuka kuwa Gego. Hilo ndilo jina alilojipachika katika safu yake kwenye gazeti la mji, gazeti la kurasa nane lililotoka kila Jumamosi na ambalo watu walianza kulisoma kwa nyuma, kwenye michezo, na wengi wakaishia hapo hapo. Safu ya Gego ilikaa ukurasa wa saba, jirani kabisa na mpira, kwa hiyo haikukosa wasomaji.

Alikuwa na miaka ishirini na tisa na maoni ya mtu wa sitini. Aliandika kuhusu mzunguko wa barabara uliochimbwa mara tatu ndani ya mwaka mmoja, kana kwamba kuna mkubwa aliyeangusha pete yake humo. Aliandika kuhusu watu wanaoongea na simu kwa kelele kwenye foleni ya benki: "Ugomvi wa yule bwana na mkwewe tuliusikia wote, na kufika dirishani tulikuwa tumeshagawanyika pande mbili." Aliandika kuhusu tangi jipya la maji lililozinduliwa kwa hotuba nne siku ambayo mabomba yalikuwa makavu. Wasomaji walidhani Gego ni mzee mstaafu mwenye kiti cha kamba na muda wa kupoteza. Waliomjua ni watatu tu: mhariri, nesi wake, na mama yake.

Lakini alipoandika mpira ndipo kalamu ilipochemka. Mpira alikuwa ameurithi kwa baba yake, marehemu sasa mwaka wa sita. Baba alikuwa msoma mita wa idara ya maji Jumatatu hadi Ijumaa, na Jumamosi alikuwa refa. Binti alianza kumfuata uwanjani akiwa na miaka saba, kazi yake ikiwa kubeba begi lenye kipenga cha akiba na kitambaa cha kujifutia jasho. Alikaa kwenye nyasi nyuma ya goli, mahali paliponukia chokaa mbichi na dawa ya misuli, akamtazama baba yake akikimbia kinyumenyume kwa miguu yake myembamba kama kalamu za risasi. Matusi aliyoyasikia huko, mengine alikuja kuyaelewa akiwa chuoni.

"Baba, wanakutukana wewe?" aliuliza siku moja wakirudi nyumbani kwa miguu.

"Wanatukana jezi nyeusi, mama. Mimi niko ndani tu."

Na mtu akimfuata baada ya mechi kulalamika, baba hakubishana. Aliuliza swali moja, kwa upole, kama anayeuliza njia: "Ulikuwa umesimama wapi ulipoliona hilo?" Wengi waliishia kukuna vichwa, maana walikuwa wamesimama kwenye kibanda cha chai.

Sasa ikatokea kwamba timu ya mji ilifungwa nyumbani kwa penalti ya dakika za nyongeza. Mji ukanuna. Siku hiyo Gego alikuwa kwenye kikao cha harusi ya binamu yake, kilichoanza saa nane na kuisha jua likizama, lakini wiki nzima redioni watu walipiga simu kumshambulia refa, naye akasikiliza huku akipanga vifaa vyake. Alhamisi akakaa akaandika, na maneno yakaja yenyewe, matamu. "Ama macho ya refa huyu yana ukungu," aliandika, "ama aliona kitu ambacho sisi hatukuonyeshwa. Wapo waliomkuta asubuhi ya mechi akinywa soda meza moja na viongozi wa wageni. Soda tamu ile! Yeye aliinywa, sisi ndio tuliocheua." Mhariri alicheka hadi akapaliwa. Gazeti likaisha kabla ya saa nne.

Jumanne ya wiki ya pili baadaye, nesi akamwingiza mgonjwa mpya, mwanamume wa makamo aliyeshika shavu. Kwenye fomu ameandika: mwalimu wa hisabati, sekondari.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, daktari. Hili la chini, upande wa kushoto. Hata chai siiwezi."

Akamlaza kwenye kiti, akawasha taa, akaingiza kioo kidogo. Jino lilikuwa zima, halina tobo wala uozo, ila picha ilionyesha ufa mwembamba kama unywele, kutoka juu kwenda chini.

"Umetafuna kitu kigumu? Mfupa, barafu?"

Mwalimu akatikisa kichwa.

"Unasaga meno usingizini?"

"Mke wangu anasema nimeanza hizi wiki mbili. Anasema ni kama kulala na mtu anayekoroga kokoto."

Daktari akatabasamu, akachoma sindano ya ganzi, na wakati wakisubiri ishike akauliza swali analowauliza wote wenye meno ya namna hiyo. "Kuna jambo linakusumbua, mwalimu?"

Yule bwana akatazama dari. "Mimi ni refa pia, Jumamosi. Yule wa penalti. Nadhani umenisikia."

Daktari akaweka bomba la sindano kwenye sinia taratibu, lisitoe sauti.

"Penalti nilikosea," mwalimu akaendelea, mdomo ukianza kuwa mzito upande mmoja. "Nimeiangalia kwenye simu ya mwenzangu mara kumi. Mpira uligonga bega, haukugonga mkono. Kwa hilo wakinitukana, nawaelewa, na mimi ningetukana. Lakini ile soda, daktari! Mkahawa ulikuwa umejaa. Wale wageni wakaja wakaomba wakae, nikawapisha, nikamaliza soda yangu niliyoinunua mwenyewe, nikaondoka. Basi. Sasa nikigeukia ubao, darasani wananiuliza, 'Mwalimu, leo soda gani?' Hayo nayo nayabeba. Ila binti yangu... Tulikuwa tunakwenda shule pamoja kila asubuhi, mimi naye, kwa miguu. Siku hizi anatoka nyumbani nusu saa kabla yangu."

Daktari akamwomba afungue kinywa, na kwa dakika thelathini mikono yake ikafanya kazi inayoijua, kichwa kikiwa mbali. Alijiona na begi lake la kipenga cha akiba, akirukaruka ili hatua zake zilingane na za baba yake, watu wakizomea ng'ambo ya barabara. Je, naye angeambiwa kwamba baba yake amenunuliwa kwa chupa ya soda, angeendelea kuruka vile? Akaziba ufa kwa muda, akapima meno kwa ajili ya kofia ya jino na kinga ya kuvaa wakati wa kulala. Mwalimu alipoinuka na kusukutua, akamwambia.

"Mwalimu, Gego ni mimi."

Yule bwana akamtazama, maji yakimdondoka pembeni mwa mdomo bila yeye kujua. "Wewe? Nirishani Gego ni mzee." Akajifuta, akajaribu tena, maneno yakitoka yameviringana kwa ganzi. "Siku ire urikuwepo uwanjani?"

"Hapana."

"Hukuwepo."

"Sikuwepo, mwalimu. Nisamehe."

Mwalimu akachukua koti lake, akatoka. Hakuaga.

Jioni ile daktari alipitia kwa mama yake. Mama, fundi cherehani aliyestaafu lakini asiyekubali kustaafu, alikuwa akitengua mshono wa gauni la mtu. Alisikiliza yote bila kuinua macho.

"Niliisoma ile," akasema mwishowe. "Sikucheka."

"Mbona hukuniambia, Mama?"

"Umekuwa daktari. Nikadhani unajua ulichokifanya." Akakata uzi kwa meno, jambo ambalo bintiye amemkataza miaka yote. "Unakumbuka ile mechi baba yako alikataa goli halali la wenyeji?"

Alikumbuka. Alikuwa na miaka kumi na mmoja, shule zimefungwa. Baba aliingia ndani, akakaa jikoni na jezi yake nyeusi, akasema, kwa sauti ya mtu aliyepoteza ufunguo, "Nilikosea. Lilikuwa goli." Jumatatu ilikuwa siku yake ya kuanza kusoma mita za mtaa ule ule, nyumba kwa nyumba. Mama akamwomba aombe likizo. Yeye akavaa kofia ya idara, akachukua daftari lake, na binti akaomba kumfuata. Kwenye kila geti baba alipiga hodi, akapiga magoti karibu na mita, akaifuta vumbi kwa kidole gumba, akaandika tarakimu, kisha akasimama na kumwambia mwenye nyumba: "Na lile goli la Jumamosi, nilikosea." Wengine walimfungia geti usoni. Mmoja alimcheka hadi akakaa chini. Mzee mmoja akawaletea viti viwili, akatoa na chai. Siku tatu walizunguka hivyo, na jua la siku tatu zile, na sauti ya buti za baba kwenye changarawe, zilimrudia sasa waziwazi hadi akaona haya kulia mbele ya gauni la mtu mwingine.

"Nilifikiri anajidhalilisha," akasema.

"Hata mimi," mama akajibu. "Nilimnunia wiki nzima."

Alhamisi asubuhi, badala ya kufungua kliniki saa mbili, alikwenda shuleni. Akangoja hadi mapumziko, akaomba ruhusa, akaingia chumba cha walimu chenye meza ndefu na lundo la madaftari, akasimama na karatasi mkononi. Walimu kama kumi na wawili walikuwa wakinywa chai. Refa alikuwa karibu na dirisha, akinywa kwa upande wa kulia.

"Mimi ndiye ninayeandika kwa jina la Gego," alisema, na vikombe vikatulia. "Nimekuja kuwasomea kitakachotoka Jumamosi, kabla hakijatoka."

Akasoma. Kwamba hakuwa uwanjani. Kwamba habari ya soda aliisikia kwa mtu aliyeisikia kwa mtu. Kwamba refa alikosea penalti kama binadamu yeyote anavyokosea, lakini yeye Gego, kwa kosa dogo la kalamu, alimvunjia mtu heshima akiwa amekaa, ametulia, na muda wote wa kufikiri. Kisha ikafuata habari ya msoma mita na mageti yake. Alipomaliza, hakuna aliyepiga makofi, na ilikuwa afadhali.

"Hapo uliposema 'kosa dogo'," refa akasema, "futa 'dogo'. Penalti ile haikuwa kosa dogo."

"Hapo nilikuwa nazungumzia kosa langu, mwalimu."

"Basi ndiyo kabisa. Futa."

Chumba kizima kikacheka, na yeye mwenyewe akacheka akishika shavu, na daktari akatoa kalamu akafuta.

Mhariri alikuwa kazi nyingine. "Watu hawanunui gazeti wasome samahani," alisema, miguu juu ya meza. "Niandikie ile ya mzunguko wa barabara. Wamechimba tena."

"Ni hii au hakuna Gego wiki hii."

"Unanitisha?"

"Nakutisha, ndiyo. Na Jumatatu nikilishughulikia lile jino lako la mbele, nitakuwa na haraka sana."

Safu ikatoka, chini kabisa ya ukurasa, kwa herufi ndogo kuliko kawaida. Jumapili redioni watu walipiga simu kama walivyopiga kwa refa. Mmoja alisema Gego naye kapewa soda, tena kreti zima. Mwingine alisema mwanamke aandike mapishi. Gego alisikiliza yote akiwa anapanga vifaa vyake, masikio yakimuwaka, na kwa mara ya kwanza akajua ukiwa ndani ya jezi nyeusi kunakuwaje.

Mwalimu alirudi kuvikwa kofia ya jino. Hawakuzungumza mengi. Daktari alipomuuliza kuhusu binti yake, alijibu, "Jana tulikwenda pamoja mpaka kona. Kutoka kona anatangulia."

"Kona si haba, mwalimu."

"Si haba. Nimeacha na kusaga, mama watoto anasema."

Barua zilikuja wiki iliyofuata, nane kwa jumla, na hazikuwa za penalti. Watu walikuwa wamemkumbuka msoma mita. Gego alizibeba hadi kwa mama yake Jumapili mchana, wakaondoa vitambaa mezani, mama akavaa miwani kisha akaivua. "Soma wewe. Mimi nitasahihisha."

Akasoma, na mama akasahihisha kweli: baiskeli haikuwa nyekundu, ilikuwa ya kijani, na wimbo huo hakuwahi kuuimba, labda wanamchanganya na yule msoma mita aliyemtangulia. Barua ya sita ilitoka kwa mwanamke aliyeishi karibu na kinu cha kusaga. Aliandika kwamba siku moja marehemu alikuta bomba lake linavuja, maji yanamwagika uani, fundi haji. Akavua kamba ya kiatu chake, akalifunga bomba kwa mafundo matatu, akamwambia litashika hadi kesho. Lilishika miezi miwili.

Mama akaweka mkono mdomoni. "Kumbe ndiyo ile! Aliingia hapa anaburuta mguu, kiatu kinampwaya, nikamwambia, 'Mume wangu, sasa umezeeka.' Akasema, 'Ndiyo, mke wangu,' akala akalala. Hakunieleza neno."

Alicheka, na kicheko kikamvunjikia katikati, akachukua kitambaa cha mteja akajifutia macho nacho. Nje mtu alikuwa akiita watoto wake waingie kuoga. Mama akasogeza kiti karibu na cha binti yake.

"Hiyo ya kamba," akasema, "isome tena. Polepole."