Mlango Huu wa Nani?

Asubuhi Mama Funguo aliwamwagia wanafunzi wake vitasa kumi juu ya meza, akawataka wavifungue kabla chai haijapoa. Wanafunzi wenyewe walikuwa wasichana wanne ambao mtaa ulishawakatia tamaa. Mmoja alifukuzwa shule kwa mimba, wawili walikuwa wakilala stendi, na wa nne aliwahi kunaswa na simu ya mtu akiwa na miaka kumi na mitatu. Huyo sasa alikuwa ametimiza kumi na minane na aliitwa Sikio, kwa sababu alikuwa akibandika sikio kwenye kitasa, akichokonoa taratibu, na kutabasamu kitasa kikikubali.

Watu walisema Mama Funguo anafuga wezi. Ndiyo maana karakana yake ilikuwa na sheria isiyochezewa. Kabla hujagusa kitasa cha mtu, uliza maswali matatu: Mlango huu wa nani? Wewe ni nani? Nitajuaje? Aliyesahau hata moja alifagia wiki nzima.

Leo Sikio aliviacha vitasa vitano vikiwa bado vimefungwa. Kibanda cha kufanyia kazi yake kilikuwa kimepatikana sokoni, karibu kabisa na lango, na mwenye kibanda alikubali kumpangisha mradi alete barua ya utambulisho kutoka ofisi ya mtaa kabla ya saa sita mchana. Saa sita ikipita, anapewa muuza makava ya simu. Sikio hakuwahi kuwa na kitu chenye ufunguo wake mwenyewe, hata sanduku. Usiku mzima hakulala kwa furaha na hofu.

Ofisi ya mtaa ilikuwa chumba kimoja chenye dirisha la nondo, benchi nje lililojaa watu, na tangazo ukutani: HUDUMA HAPA NI BURE. Neno la mwisho lilikuwa limefunikwa nusu na kalenda.

"Kazi?" aliuliza ofisa, kalamu mkononi.

"Fundi vitasa."

Ofisa alicheka mpaka kiti kikalia. Akaandika: *Hana kazi.* "Kufungua milango ya watu nako ni kazi? Na nani anakutambulisha?"

"Mimi hapa," alisema Mama Funguo, aliyekuwa amemsindikiza.

"Na wewe nani anakutambulisha?"

"Makubwa haya! Miaka ishirini nachonga funguo za mtaa huu, hata huo ulio mfukoni mwako."

"Lete kwa maandishi." Ofisa aliitazama kalenda. "Ila mtu akiwa muelewa, mambo huwa yanakwenda."

"Kuelewa tumeelewa, mzee," alisema Mama Funguo. "Ila tumekuja mikono mitupu."

"Basi njooni wiki ijayo!" Akainuka, akawasukumia nje.

"Mzee, usiubamize," alisema Sikio. "Springi ya hicho kitasa imechoka."

"Utanifundisha mlango wangu?" Akaubamiza. Kitasa kikatoa mlio mdogo wa kuvunjika, ambao Sikio aliusikia na wengine hawakuusikia.

Haikupita dakika, mlango ukaanza kutikisika kwa ndani. Ukatikisika tena. Kisha sauti ikatoka dirishani: "Jamani! Mniitie fundi!"

"Fundi tunaye," alijibu mama mmoja kwenye benchi, "ila hana kazi."

Benchi zima likaangua kicheko. Sikio alimtazama Mama Funguo, naye akakunja mikono. "Sheria ni sheria, mwanangu."

Sikio akapiga magoti mbele ya tundu la ufunguo. "Mlango huu wa nani?"

"Wangu! Fungua!"

"Kwani hii si ofisi ya serikali?"

"Haya, wa serikali!"

"Na serikali ya nani?"

"Yetu!" walijibu watu wa benchi kwa pamoja.

"Wewe ni nani?"

"Ofisa! Si umetoka humu sasa hivi?"

"Nitajuaje? Una barua ya utambulisho?"

Mzee mmoja alicheka mpaka akamshika jirani yake asianguke.

"Nakutania tu, mzee," Sikio alisema kwa upole. "Sauti yako tunaijua." Akabandika sikio, akaingiza waya, na mlango ukafunguka. Akang'oa kitasa kwa bisibisi, akaweka springi mpya kutoka kwenye mkoba, akakirudisha. "Hii ni bure. Kama tangazo linavyosema."

Ofisa alijifuta jasho. Watu walikuwa wamejaa mlangoni wakimtazama.

"Mzee, nani amekufungulia?" aliuliza Sikio.

"Fundi," neno likamtoka kabla hajalipima.

"Basi andika."

Akaandika. Akafuta *Hana kazi* kwa mistari miwili na kuigonga barua mhuri kwa hasira, lakini mhuri wa hasira nao ni mhuri. Walipokuwa wakitoka walimsikia akimuuliza yule mama wa benchi, "Na wewe, barua ya mdhamini iko wapi?"

"Acha mlango wazi kwanza," mama alimjibu. "Tusikie wote."

Sikio alikimbia hadi sokoni, Mama Funguo akihema nyuma na kumtukana kwa mapenzi. Zilibaki dakika nane. Mwenye kibanda aliisoma barua mara mbili, akampa ufunguo.

Yeye aliyefungua mamia akauingiza moja kwa moja kwenye kufuli.

"We!" Mama Funguo alimfokea. "Hujauliza! Mlango huu wa nani?"

Sikio alifungua mdomo ajibu, kicheko na machozi vikamtoka pamoja. Ilibidi aulizwe tena.

"Wangu," alisema.