Kitanda cha Jesca

Vitanda vilikuwa vimepangwa juani mbele ya karakana ya Mwinjuma, pale Keko, na kila ubao wa kichwani uliandikwa jina kwa chaki: Erasmus, Somoe, Albano, Yuliana. Jesca alivipitia kimoja kimoja, akarudi mwanzo, akavipitia tena. Mama yake, Profesa Benedicta, alimwona, akajifanya anakagua boliti.

Ilikuwa desturi ya Profesa. Walimu aliowaandaa kwenda pembezoni, kwa wafugaji na wawindaji, kusikofika hata gari la soda, aliwachongeshea vitanda vya kufungua na kufunga, viingie kwenye buti la basi. "Mwalimu aliyekwenda na godoro tu ni mgeni," aliwaambia darasani. "Aliyekwenda na kitanda ni jirani." Wazazi waliomjia na machozi aliwatuliza kwa upole, huku moyoni akishangaa jinsi watu wanavyong'ang'ania watoto waliokwisha kuota ndevu.

Mwaka huu alipangiwa Jesca, mwanawe wa pekee: shule ya watoto wa Wahadzabe, bondeni kule Mbulu. Mkuki kwa nguruwe mtamu! Tangu siku hiyo Profesa hakupata usingizi wa maana. Nyumba yao ya Mbweni ni kubwa, na alikwisha kuanza kuusikia ukimya wake. Juzi alimpigia Leodegar, mwanafunzi wake wa zamani ambaye sasa ni mkubwa katika ofisi inayopanga walimu, akamwomba kwa maneno ya kuzungukazunguka amtafutie binti shule ya karibu. Leodegar aliahidi kumjibu leo.

"Mama, changu kiko wapi?"

"Bado."

"Fundi, changu bado?"

Mwinjuma alikung'uta msasa wake. "Dada, mie nachonga nilichoagizwa."

Jesca akamgeukia mama yake. Hakupandisha sauti, afadhali angepandisha.

"Umeongea na nani?"

"Kule ni mbali, mwanangu. Ukiugua je?"

"Mama yake Somoe alikwambia hivyohivyo, sebuleni kwetu. Mie ndo nilileta chai. Ulimjibu nini?"

Profesa alikumbuka vizuri. Alimjibu kwamba hata watoto wa kule wana mama zao, nao wanataka wana wao wasome. Aliona aibu, lakini woga wake haukupungua hata chembe.

Simu ikaita.

"Shikamoo Profesa," alisema Leodegar, kwa furaha ya mtu anayelipa fadhila. "Ile ishu imekaa sawa. Kuna nafasi Kibaha, nasubiri neno lako tu."

"Marahaba." Profesa aliyatazama majina ya chaki. "Mwache palepale alipopangiwa."

"Profesa?"

"Umesikia, baba. Na unisamehe kwa usumbufu."

Akakata simu upesi, kabla moyo haujamgeuka. Jesca, aliyekuwa mkali muda wote ule, alianza kulia waziwazi katikati ya vumbi la mbao.

"Fundi, ongeza kimoja," Profesa alisema. "Basi ni keshokutwa asubuhi."

"Vanishi haitawahi kukauka."

"Usipake."

"Futi tatu kwa sita, kama vya wenzake?"

Profesa alimtazama bintiye. "Nne kwa sita. Siku nikienda kumwona tulale wawili."

Mwinjuma alichagua ubao wa mninga, akauegemeza ukutani, akamnyooshea Profesa kipande cha chaki. Benedicta alikipokea. Miaka yote ameandika ubaoni mbele ya watu, lakini jina lile lilikwenda upande, herufi kubwa na ndogo zikichanganyika, kama mtoto wa darasa la kwanza anayeandika kwa mara ya kwanza.