Timu Inayopika Vizuri

Ligi ya vyuo ilituambia tucheze kwanza msimu mmoja wenyewe. Walituambia kwa upole, kama wanavyosema mambo yote hapa. Timu yenu ni mpya, wachezaji wenu wana kazi na watoto, tunaogopa mtajiandikisha halafu mtashindwa kufika uwanjani. Tafuteni mechi kumi kabla ya mwisho wa Oktoba, kila mechi kocha wa upande wa pili athibitishe kwamba mmecheza, na mwakani tutawapokea. Tulitoka pale tunacheka. Mechi kumi ni kitu gani?

Hatukujua kwamba timu isiyo na ligi ni kama mtu aliyefika harusini bila kadi. Wenye ligi wanapangiwa. Jumamosi ikifika, mtu fulani analazimika kuja kucheza nao, apende asipende. Sisi hakuna aliyelazimika. Ilibidi tupige simu, tuombe, tusubiri kupigiwa, tuombe tena.

Chuo chetu ni cha jioni, kipo Rinkeby, kitongoji cha pembeni ya jiji, na wengi wetu tulikuwa tunamalizia masomo ambayo maisha yalitukatishia. Timu aliianzisha Brigitha. Amezaliwa hapa hapa, anafanya kazi shule ya chekechea, na alikuja kumalizia hesabu. Ukimsemesha Kiswahili anakujibu Kiswidi, labda awe na hasira, hapo Kiswahili cha mama yake kinatoka chote. Alipokuwa na miaka kumi na minne klabu yake ilimwacha bila kumwambia sababu, na tangu siku hiyo alitaka kitu kimoja tu, kurudi kwenye ligi yoyote, hata iwe ya mwisho kabisa. Alikuwa nahodha wetu. Siku moja mazoezini aliniambia akifika miaka thelathini bado anaombaomba mechi kwa simu, nimzike na viatu vyake.

Mimi nilikuwa kipa. Mwanangu Malik alikuwa analala kwenye kigari nyuma ya goli, na wenzangu walinitania kwamba ndiyo maana sifungwi ovyo, nikiachia mpira unamwendea mtoto. Nilikuwa naitaka ligi kwa sababu yangu ndogo. Nilitaka jina la timu yetu lipangwe mahali, na pembeni yake jina la watu ambao siku hiyo hawana njia, lazima waje wacheze na sisi.

Kocha alikuwa Mama Dafrosa. Zamani alifundisha michezo shule ya msingi huko Bukoba, sasa anahudumia wazee majumbani. Anajua mpira vizuri, ila kuna jambo moja analijua zaidi ya mpira: mgeni haondoki kwako na njaa. Kwa hiyo mechi yetu ya kwanza, Aprili, baridi bado inauma masikio, filimbi ya mwisho ilipolia akafungua hotpoti mbili pembeni ya uwanja. Pilau ya nyama ya halali, kusudi kila mtu ale, kachumbari, na sambusa. Wale wasichana wa upande wa pili walisimama wakitazamana. Mmoja aliuliza wanalipia wapi. Mama Dafrosa alicheka mpaka akashika kiuno.

Walikula. Wakarudia. Na wiki iliyofuata, timu ambayo ilikuwa haipokei simu ya Brigitha ikapiga yenyewe.

Mwanzoni tulifurahi. Tulishinda mechi moja, tukafungwa mbili, tukatoka sare, tukashinda tena, na kila mara tulikula pamoja, na Malik alipakatwa na watu wasiomjua. Nilisema moyoni, labda hivi ndivyo watu wanavyozoeana. Halafu nikaanza kuona vitu. Timu zilikuja na wachezaji wao wa akiba tu. Mapumziko, badala ya kumsikiliza kocha wao, walikuwa wanageuza shingo kutazama hotpoti. Tulipocheza na timu ya Hässelby, kocha wao aliuliza kama tunaweza kufupisha kipindi cha pili, maana chakula kitapoa, na Mama Dafrosa akakubali kwa sababu ni kweli kilikuwa kinapoa.

Christelle, mshambuliaji wetu kutoka Bukavu, ndiye aliyelisema wakati tunakunja nyavu.

"Hawa bantu banakuyaka kula," alisema. "Mupira ni salade tu, ya pembeni ya sahani."

Tulicheka wote isipokuwa Brigitha.

Alimwomba Mama Dafrosa tucheze mechi moja bila kupika, tuone. Alimwomba kwa heshima, kwa Kiswahili, akimwita shangazi. Mama Dafrosa alimjibu kwamba mtu hapimwi kwa kunyimwa. Ila akakubali. Ile mechi upande wa pili ulipiga simu siku mbili kabla, ukauliza kuhusu chakula, ukaambiwa safari hii hakuna. Asubuhi ya mechi wakatuma ujumbe kwamba wana wagonjwa wengi. Ya kufuata tulipika.

Ndivyo tulivyofikisha mechi tisa. Septemba ilikuwa mvua tupu, timu mbili zikaahirisha na hazikurudi, na Oktoba ikaanza kuisha. Brigitha alikuwa anapiga simu wakati watoto wake wa chekechea wamelala, akinong'ona chooni. Hakuna aliyekubali.

Ndipo Rebecka akapiga. Rebecka ni kocha wa chuo kimoja kikubwa kule Skärholmen, tulikuwa tumecheza nao Juni. Alimpigia Mama Dafrosa mwenyewe, akasema wana siku yao ya vuli Jumamosi, kutakuwa na mpira na watu wengi, wangefurahi sana kutuona, na kuna nafasi yetu pembeni kabisa ya uwanja. Akasema, kama mtaweza, leteni kile chakula chenu.

Mama Dafrosa alituita darasani akatuambia tumealikwa. Brigitha alimuuliza, "Amesema tunacheza saa ngapi?" Mama Dafrosa akasema hakuuliza. Kwao Bukoba, na hata kwetu, mtu akikualika huwezi kumuuliza unaniitia nini. Unashukuru, unasema tutafika. Timu ya mpira imealikwa kwenye siku ya mpira, itaenda kufanya nini kingine? Hata mimi niliona hivyo. Brigitha alinyanyua simu ampigie Rebecka, Mama Dafrosa akamshika mkono, akamwambia asituaibishe. Brigitha akairudisha simu mfukoni.

Tulipika usiku kucha nyumbani kwa Mama Dafrosa, masufuria matatu. Asubuhi tukapanda treni Rinkeby, tukabadilisha katikati ya jiji, tukashuka Skärholmen kumi na mmoja, jezi tayari tumevaa ndani ya makoti, masufuria yamefungwa kwa kanga kwenye vigari vya watoto na vya sokoni. Malik nilimbeba mgongoni kwa sababu kigari chake kilibeba wali.

Pembeni ya uwanja palikuwa na hema jeupe. Ndani yake meza ndefu, majiko mawili ya umeme, sahani za karatasi, na kibao kilichoandikwa kwa mkono mzuri sana, kimechorwa ua kila kona: Chakula kutoka Afrika Mashariki. Uwanjani timu mbili zilikuwa zinamaliza mechi. Baada ya hiyo ilikuwa zamu ya bendi.

Rebecka alikuja mikono ameitandaza, akamkumbatia Mama Dafrosa, akambusu Malik kichwani. Akatuonyesha soketi zilipo. Tulikuwa tumesimama na makoti yetu, hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuyafungua, maana chini yake kulikuwa na jezi.

Mama Dafrosa asingeuliza, na Brigitha alikuwa ameshaambiwa asituaibishe. Basi nikauliza mimi, kwa Kiswidi changu cha jioni, neno moja moja.

"Mlituita tucheze au tupike?"

Rebecka alinitazama usoni, akaona rangi ya jezi shingoni kwangu, akaelewa. Naye aliona aibu, sitamsingizia. Alishika mdomo. Akasema alidhani tumejua. Akasema wasichana wake wamecheza mechi mbili tangu asubuhi, wamechoka, lakini tukishamaliza kugawa anaweza kuwaomba wapige mpira na sisi kidogo, dakika chache, kwa furaha tu.

"Utathibitisha kwamba ni mechi?" Brigitha aliuliza.

Rebecka alitikisa kichwa taratibu. Akasema huo utakuwa uongo. Halafu akasema kitu ambacho nadhani alikisema ili kutufariji.

"Ninyi watu wote wanawapenda. Ukitaja timu yenu popote, kila mtu anakumbuka kile chakula."

Foleni ilikuwa imeshaanza. Wazazi, wanafunzi, watoto wenye sahani zao mkononi, wametulia kama Waswidi wanavyotulia kwenye foleni. Brigitha akageuka kwetu, na Kiswahili kikatoka.

"Hakuna kufungua. Tunabeba sufuria zetu tunaondoka. Shangazi, nakuomba."

Mama Dafrosa alikuwa ameshika upawa. Aliwatazama wale watoto.

"Mwanangu," alisema, "wale wa mbele wamesikia harufu. Nikifunika mbele yao, mimi nitakuwa nani?"

"Kocha wetu."

"Nilikuwa mtu kabla sijawa kocha."

Akafungua sufuria la kwanza. Mvuke ukapanda, mtu mmoja kwenye foleni akapiga makofi, na wenzake wakafuata.

Sikuwahi kuona timu ikikatika, nilidhani ni kitu cha kelele. Hakukuwa na kelele. Mmoja alivua koti, akavaa aproni juu ya jezi. Mwingine alivua koti, akakaa kwenye nyasi akaanza kufunga kamba za viatu. Kila mmoja alikuwa anaangalia mwenzake kafanya nini. Christelle alisimama katikati, kashika sambusa mkononi, akaisogeza kwa mtoto aliyekuwa wa kwanza kwenye foleni, halafu akaenda kuvaa viatu. Tulipohesabiana, watano walikuwa mezani na sita tulikuwa uwanjani. Mezani walipungukiwa mikono, sisi tulipungukiwa timu.

Nilimkabidhi Malik kwa Mama Dafrosa. Alimpokea bila kuniangalia, akamfunga mgongoni mwake na kanga ya sufuria, akaendelea kupakua.

Bendi ilikuwa bado inapanga vyombo, kwa hiyo nusu ya uwanja ilikuwa wazi. Nikaenda golini. Brigitha na wale wanne wakanipigia mipira, mmoja baada ya mwingine. Brigitha alikuwa anapiga kama anataka kupasua nyavu. Watu walikuja kusimama kwenye mstari na sahani zao, wakatutazama huku wanatafuna. Nilipookoa mpira mmoja mgumu mzee mmoja aliinua uma wake juu kunisifu. Baadaye mtu wa bendi alituomba tupishe.

Masufuria yote matatu yaliisha. Kwenye treni ya kurudi watano walikaa upande huu, sita upande ule, na Malik alilala mapajani kwa Mama Dafrosa mpaka Rinkeby.

Ligi ilijibu kwa upole. Tisa si kumi. Walitushauri tujaribu tena msimu mwingine, na wakatutakia kila la heri. Mama Dafrosa alisema amechoka, magoti yanamsumbua, tutafute kocha mwenye damu changa. Nilikwenda kwake na chai ya maziwa, tukaongea juu ya mambo yote ya dunia isipokuwa mpira. Brigitha alikaa nyumbani Novemba nzima. Desemba Rebecka akamtafuta. Alikuwa amemwona siku ile akipiga mipira, akampa nafasi kwenye timu yake, ndani ya ligi. Brigitha alikuja kuniambia mwenyewe, mlangoni, hakutaka kuingia ndani.

"Niambie nisiende," alisema.

Sikumwambia. Nilimwambia aende, na nilimaanisha. Aliposhuka ngazi nilikaa sakafuni na mwanangu, tukarushiana soksi mpaka akacheka.

Wengine wameacha mmoja mmoja, tumebaki saba, na Christelle anasema saba ni wengi kama wote wanakimbia. Wiki iliyopita nilianza kupiga simu za msimu mpya. Wa kwanza nilimpigia yule kocha wa Hässelby. Alinikumbuka haraka, akafurahi, akauliza watoto hawajambo. Nilimwambia tunataka mechi Aprili, dakika tisini kamili, na kwamba hatutaleta chakula.

Akasema atawauliza wasichana wake.

Hajanipigia. Leo, Malik akilala mchana, nitampigia wa pili.