Kitambaa cha Bluu Mdomoni mwa Gunia

Kwa kuchagua pamba, Apolonia hakuwa na mshindani pale kijijini kwao, nje kidogo ya Bariadi, na alijivunia hilo bila haya. Alikaa mkekani kanyoosha miguu, pamba safi kulia, fifi, ile yenye madoa na uchafu, kushoto, na jani kavu likijificha ndani alilisaka mpaka alitoe. Gunia likijaa alilifunga mdomo kwa kipande cha kitenge chake cha bluu. Enzi za ushirika, karani akikiona kitambaa hicho alisema tu, "La mama Josia hilo, pitisha."

Basi likaja hilo soko huria. Makampuni yakamiminika, kila moja na mizani yake, na karani mgeni aitwaye Marcelo akafungua kituo kando ya barabara. Apolonia akampelekea magunia mawili, la safi na la fifi, kama alivyofundishwa na mama yake. Marcelo akapima, akayatupa yote juu ya lori moja, hata kuyafungua hakuyafungua.

"Mama, siku hizi ni 'mixed,'" alisema. "Bei moja."

Wiki nzima Apolonia alinuna, ungedhani kafiwa.

Mwanawe Josia ndiye aliyemweleza neno lile. Josia alifanya kazi kwenye kinu cha pamba mjini: kufungua magunia, kupekua pamba kwa mikono, kisha kuilisha mashine. Kiingereza alikipenda, na cha kuokoteza hakikumpita.

"Mayu, wenzetu wana maneno mengi ya vitu vilivyochanganyika," alimwambia mama yake. "'Mixed' halina lawama, vitu vimekutana basi. 'Assorted' lina heshima kidogo, liko kwenye makopo ya biskuti. Aina nyingi, lakini kuna mtu kakaa akazichagua. 'Miscellaneous' ni la ofisini. Stoo kwetu limeandikwa kwenye rafu ya vitu visivyo na kwao, misumari, kandambili ya mguu mmoja, kufuli lisilo na ufunguo. Halafu kuna 'hotchpotch.' Hilo meneja hulitoa akikasirika, mtu akichanganya hovyo hovyo."

"Yangu iwe hiyo ya biskuti," Apolonia akasema.

Josia akacheka. "Yako naijua, Mayu. Nikiona kitambaa cha bluu namimina moja kwa moja. Siwezi kupekua kazi ya mama yangu."

Apolonia alilala na maneno hayo, akaamka nayo.

Msimu uliofuata watu wakaharibika. Huyu anainyunyizia pamba maji, yule anatia mchanga, kisa mizani isome vizuri. Mboje, mumewe Apolonia, akaona anachelewa. Jioni moja akarudi kutoka mtoni na debe la changarawe, akaifukia katikati ya gunia.

"Baba Josia, hivyo siyo," Apolonia alisema, mara moja, kwa sauti ya mtu asiyetaka kusikika.

"'Mixed' ni 'mixed,'" Mboje akamjibu. "Au sisi ndio watakatifu peke yetu?"

Na Apolonia, tuseme ukweli, alikuwa na kinyongo. Mgongo umemuuma miaka yote kwa kuchagua, leo kazi yake inatupwa lori moja na uchafu wa kila mtu. Potelea mbali. Akachukua kitambaa cha bluu, akafunga.

Lori lilipokwisha ondoka ndipo akakumbuka kwamba Josia kitambaa kile hakipekui. Angeweza kupanda baiskeli ya jirani akamwahi mjini, lakini angemwambia nini? Akajipa moyo kwamba huenda siku hiyo atapekua. Akaendelea kupika.

Siku ya tatu asubuhi akaja Thomasi, aliyefanya kazi na Josia, akiikokota baiskeli yake badala ya kuipanda.

"Mwangaluka, mayu," alisalimu, kisha akaeleza yaliyotokea kinuni.

Jiwe lilikuwa limepita mashineni likagonga chuma, cheche ikarukia pamba. Josia aliupiga moto kwa mikono yake mpaka wenzake wakaleta maji.

Hospitalini Apolonia na Mboje walimkuta amefungwa bendeji mpaka viwikoni. Marcelo alikuwapo, amekuja kutoa pole, akasema chanzo hakitajulikana, maana lori lilibeba pamba ya vijiji vingi, yote 'mixed,' nani atamnyooshea nani kidole? Alipotoka, Mboje alishusha pumzi. Apolonia alimwona, akamchukia, kisha akajichukia mwenyewe zaidi.

"Nimewaza sana, Mayu," Josia akasema. "Nililimimina gunia lako, halafu likafuata la mtu mwingine, hilo nikalipekua kwa haraka. Mawe yalikuwa humo. Nimemwambia meneja kosa ni langu, nilizembea. Kazi wameniachisha."

Mboje akamkanyaga mkewe mguu chini ya kitanda. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua, lakini hapa kilio kilikwisha kuja na maradhi bado yangeweza kufichika. Angenyamaza tu, Josia angeendelea kumwamini mama yake mpaka kaburini, na kujilaumu mpaka huko huko.

Apolonia akauondoa mguu wake.

"Lile la pili halikuwa na kosa, mwanangu," alisema. "Mawe yalikuwa kwenye letu. Niliyaona yakitiwa."

Mboje akainuka akatoka nje. Josia aliitazama mikono yake iliyofungwa.

"Na kitambaa," aliuliza, "ulikifunga wewe mwenyewe?"

"Nilikifunga mimi."