Kiti Kigumu cha Bosi

Mume wangu ni fundi makochi, na hana maringo isipokuwa kwa jambo moja: anaamini hakuna mtu mtaani kwetu aliyewahi kukaa vizuri kabla ya kukalia kazi ya mikono yake. Kila kochi likimalizika, analionja. Anavua viatu, anakaa, anafumba macho, na akianza kukoroma kabla sijamaliza kukata nyuzi zilizobaki, basi kochi limefaulu. Kazi yangu mimi ni kukata vitambaa na kushona makava. Cherehani yangu iko kwenye kona ya karakana, karibu na dirisha, na chini yake kidogo kuna godoro la Bosi.

Bosi ni binti yetu. Jina hilo alipewa na bibi yake, mama mkwe wangu, kwa kuwa nyumba nzima tunamhudumia na yeye hainui hata kidole. Ni utani, lakini ndiyo hali yenyewe. Alizaliwa na hitilafu ya vinasaba, tena ya nadra mno. Daktari alipotutajia, ilibidi aisome kwenye karatasi, na jina lenyewe lilikuwa refu kuliko mtoto. Miezi kumi na tisa alikuwa hajakaa, hajatambaa, na shingo ilikuwa bado haijakaza. Nililia mpaka nikachoka. Nilipochoka ndipo nikaona kwamba mtoto mwenyewe hana shida na mtu. Mkasi ukianguka anacheka. Cherehani ikikwama nikaanza kuitukana, anacheka. Baba yake akipiga chafya, anacheka mpaka anashikwa na kwikwi. Sijui ni nyumba ngapi zenye mtu anayeamka na furaha ya namna hiyo, na namshukuru Mungu kwamba ya kwetu ni mojawapo.

Tatizo lilikuwa chakula. Kwa kuwa hakuweza kukaa, tulimlisha akiwa amelala mkononi mwangu, na chakula kikawa kinapita njia isiyo yake. Anapaliwa, anakohoa, anatapika, tunaanza upya. Bakuli moja la boga lililopondwa lilichukua saa nzima, na nusu yake niliivaa mimi. Mara mbili kilimwingia kifuani tukalazwa. Mara ya pili daktari alituambia bila kuzunguka.

"Mama Bosi, hatuwezi kuendelea hivi. Nawapa miezi mitatu. Akija hapa akakaa wima, kichwa juu, akala nusu bakuli bila kupaliwa, ataendelea kula kwa mdomo. Akishindwa, tutampitishia mrija wa chakula tumboni." Aliuona uso wangu akaongeza, "Mrija si adhabu. Watoto wengi umewaokoa."

Nilijua anasema kweli. Ila Bosi anapenda kula. Kitu kitamu kikigusa ulimi wake, mwili mzima unatulia, hata miguu. Mambo mengi ambayo watoto wengine wanayo yeye hana, lakini hilo analo, na nilikuwa tayari kupigana na yeyote ili abaki nalo.

Pale kliniki kuna dada wa mazoezi ya viungo, mwembamba, mpole wa sauti, asiyejua mzaha. Akatuagiza tumtafutie mtoto kiti cha kukalia wakati wa kula. Kabla hajamaliza, mume wangu alishasimama.

"Kiti?" akasema. "Dada yangu, hapo umefika kwenyewe."

Alikitengeneza kwa siku nne, na kazi za wateja zikasubiri. Mikanda ya mpira chini, sponji laini matabaka matatu juu, mahameli ya zambarau niliyoishona mimi mwenyewe kwa mshono wa kificho. Alipomaliza alikizamisha ngumi, ikapotelea mpaka kifundo cha mkono, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Tulipomweka Bosi, alizama humo zikabaki pua na vidole vya miguu. Akatabasamu, akalala. Wateja waliokuja karakanani wakauliza kama vinatengenezwa na vya watu wazima.

Mwezi mmoja ukapita. Bosi alinawiri kwa usingizi, shingo ikabaki vilevile. Dada wa mazoezi alipopita nyumbani kutuona, alikizunguka kile kiti mara moja, akakibonyeza kwa kidole.

"Hiki kiti ni kizuri sana," akasema. Mume wangu akaanza kutabasamu. "Na hapo ndipo penye ubaya. Kinamfanyia kila kitu. Shingo ikaze ya nini wakati kiti kimeshaishika? Mtoto anatakiwa ajisikie kwamba ana mgongo." Akapiga magoti, akamshika Bosi nyongani kwa mikono miwili. "Mshikeni hapa tu. Huku juu mwacheni ahangaike mwenyewe."

Alipoondoka, mume wangu alikaa juu ya marobota ya sponji, akakibonyeza kile kiti chake kwa kidole. Nilimwonea huruma.

"Miaka kumi na minane, Mama Bosi," akasema. "Miaka kumi na minane kazi yangu ni kumsahaulisha mtu kwamba ana mgongo. Leo naambiwa nimkumbushe, tena mwanangu."

Lakini alikitengeneza. Alimpima Bosi kwa futi kamba kama anayepima kabati, akakata plaiwudi, akaipiga msasa mpaka ikawa haina hata kibanzi kimoja. Mgongo wa kiti uliishia kiunoni. Mkanda ulifunga nyonga. Mbele palikuwa na kimeza cha kuegemeza viwiko, na kati ya magoti na kimeza aliacha nafasi ya vidole vitatu. Sponji hakuna. Mimi nilishona tu kitambaa cha kufunika ubao, kinachovuliwa na kufuliwa. Alikileta ndani amekibeba mbali na mwili, na hakutaka tukisifie.

Mama mkwe alikitazama juu na chini. Kwa utani wa bibi na mjukuu, yeye humwita Bosi mke mwenzake.

"Hiki ni kiti au kizimba cha mahakama?" akauliza. "Mke mwenzangu kaiba nini?"

Agizo lilikuwa dakika kumi, mara tano kwa siku. Mara ya kwanza tu Bosi alilia, yeye ambaye sindano huwa anazitazama kwa mshangao. Kichwa kilianguka mbele, akakinyanyua, kikaanguka tena, machozi yakadondoka kwenye kimeza. Mume wangu ghafla alikumbuka ana mbao za kupanga nje. Mama mkwe akaingia jikoni kuosha sufuria zilizokuwa safi. Mimi nilibaki na saa mkononi, na nakiri kwamba dakika zangu kumi zilikuwa saba.

Wiki ya pili kilio kilipungua. Wiki ya tatu kikaisha kabisa. Tukaambiana kwamba ameshazoea, tena tuliambiana kwa haraka haraka, na hakuna aliyemtazama mwenzake usoni. Siku moja asubuhi, bibi yake akiwa ameshamkalisha, mume wangu alikuwa akimfunga mkanda, nikasikia ukelele.

"Mama Bosi! Njoo uone! Mtoto amerefuka! Hapa niliacha vidole vitatu, sasa hata kimoja hakipiti. Magoti yanagonga kimeza!"

Nilitupa mkasi. Mama mkwe alikuja mbio, mikono ina povu, akapiga kigelegele kilichowatoa majirani madirishani. Mume wangu akamfungua Bosi mkanda ili ampime vizuri kwa futi kamba, akamnyanyua juu, na pale alipokuwa amekaa pakabaki mtandio wa mama mkwe, umekunjwa mara nne.

"Mama!" mume wangu akasema.

"Ni mtandio tu," mama mkwe akajibu. "Hata baridi hauzuii."

Mume wangu alimkabidhi mama mkwe mtoto, akavua kile kitambaa cha kufunika ubao akikunje vizuri. Kitambaa kikakataa kukunjika. Akakipapasa, kisha akanitazama mimi. Ndani yake nilikuwa nimeshonea pamba, tabaka nene la haja, nikaificha kwa ule ule mshono wa kificho.

Nilifungua mdomo nijitetee, nikafumba, kwa sababu nilikuwa nimeuona ubao wenyewe. Juu yake kulikuwa na sponji iliyobandikwa kwa gundi, imekatwa kwa wembe, pembe zimenyooka kabisa. Mtu anayekata sponji hivyo nimeolewa naye.

"Ya kidole kimoja tu," akasema fundi wangu taratibu. "Nilisikia amelia sana siku ile."

"Yangu ni pamba tu," nikasema.

"Mimi ni bibi," mama mkwe akasema, na kwa maoni yake utetezi uliishia hapo.

Tulicheka, tukashindwa kujizuia, na Bosi akatusindikiza. Kisha nikahesabu kwenye kalenda nikaacha kucheka. Zilibaki wiki tano. Mtoto hakuwa amerefuka hata kidogo, na shingo haikuwa imekaza, kwa sababu sisi watatu, kila mmoja kwa siri yake, tulikuwa tumemrudishia kochi. Nilikasirika, zaidi na nafsi yangu. Nilikuwa tayari kupigana na daktari, halafu kazi ya kumwacha mwanangu alie dakika kumi ikanishinda.

"Kuanzia leo," nikasema, "hakuna kukaa na Bosi peke yako. Wawili wawili, mmoja amlinde mwenzake."

"Mkwe wangu, mimi unanilinda kama mwizi?" mama mkwe akauliza.

"Mama, sote ni wezi. Mtandio nautunza mimi."

Mume wangu alibandua sponji yake, akakwangua gundi mpaka ubao ukabaki mtupu. Kisha akaenda kutafuta kreti la mbao, akalipindua mbele ya kile kiti, akalikalia. Kila zamu ya Bosi alikaa hapo dakika zote kumi, yeye aliyezoea kuonja makochi, akilalamika mgongo unamuuma, na kadiri alivyolalamika ndivyo Bosi alivyosahau kulia. Mama mkwe alimpa habari zote za mtaa, nani kagombana na nani, kwa sauti ya kunong'ona, na mtoto akawa ananyanyua kichwa ili amwone anayemsimulia. Mimi nilikuwa kwenye cherehani nikimpima kwa mshono. Siku za mwanzo kichwa kilianguka kabla sijamaliza upande mmoja wa mto. Baada ya wiki mbili nilimaliza pande mbili. Wiki ya nne nilishona pande zote nne, nikakata uzi, nikageuka, nikamkuta bado ananitazama. Nililazimika kutoka nje kidogo.

Siku ya kliniki mume wangu alibeba kiti begani. Njiani watu walituuliza kama hospitali imeishiwa viti, naye akawajibu kwamba hatuamini kazi za watu. Tulifanya mazoezi mengi nyumbani, lakini nyumbani ni nyumbani, na Bosi akiona sura ngeni anaweza kulegea akawa kama hajui lolote.

Daktari alikaa pembeni na faili lake. Dada wa mazoezi alikikagua kiti, akakivua kitambaa, akaugonga ubao kwa kucha, akaridhika. Tukamfunga Bosi mkanda. Kichwa kiliyumba, kikatafuta mahali pake, kikasimama. Nikachukua kijiko.

Cha kwanza kikashuka. Cha pili kikashuka. Kwenye cha tano kichwa kikaanza kuinama, mume wangu akajisogeza nikamkanyaga mguu. Kikarudi juu chenyewe. Nilimlisha bila haraka, na sauti pekee chumbani ilikuwa ya kijiko kikigusa bakuli. Hakupaliwa. Boga lilifika nusu ya bakuli, likapita nusu kidogo, nikajaza kijiko kingine nikampelekea.

Bosi akageuza uso upande wa kushoto.

Nilidhani ameona kitu. Nikakifuatisha kijiko kushoto. Akageuza uso kulia, polepole, kichwa kikiwa juu, midomo ameifunga kabisa.

"Mpe tena, labda hajakiona," mume wangu akanong'ona.

"Amekiona," dada wa mazoezi akasema, na kwa mara ya kwanza nikaona meno yake. "Ameshiba. Anakataa."

Daktari aliweka kalamu chini. "Siku zote alikuwa anakataaje?"

Alikuwa hajawahi kukataa. Shingo isiyogeuka haiwezi kukataa kitu, kila nilichomtia mdomoni alikipokea, na alipochoshwa kilimtoka tu kikanimwagikia. Miezi ishirini na miwili nimemlea mtoto huyu bila kujua kwamba kuna wakati alitaka kuniambia basi, Mama.

"Mrija hatuuhitaji," daktari akasema. "Kwa sasa tuuache. Endeleeni na kiti hicho hicho."

Mume wangu alikuwa amegeukia ukutani anafuta macho kwa mkono wa shati. Mimi machozi niliyaacha yashuke. Kisha nikajaza kijiko, nikampelekea mwanangu mdomoni, huku nikijua fika kwamba ameshiba. Nilitaka anikatalie tena.